Farmasi yenye kutumainika: karatasi inatundikwa mara moja, kazi ni ya kila siku

Mu Kabondo-Dianda, kama vile mu miji mingine midogo ya Haut-Lomami, mutu mwenye anatafuta dawa ya malaria iko na njia mbili ao tatu. Anaweza kuenda ku kituo cha afya. Anaweza kuingia mu farmasi yenye iko karibu na soko. Ao anaweza kununua ku mutu mwenye anatembeza dawa mu kartoni. Vidonge vinaweza kuwa na rangi moja na plakete ya namna moja. Bei tu njo inaachana. Kwa macho, hakuna mutu mwenye anaweza kujua ni vidonge gani viko na nguvu, na ni vidonge gani vimepikwa na joto wiki tatu chini ya mabati.

Hapo njo tatizo yote inaanzia. Mama mwenye ananunua nyanya anazibinya kwanza. Mwenye ananunua samaki wa Upemba anafungua mashavu ya samaki na kuangalia kama ingali na damu. Lakini mwenye ananunua dawa hana kitu cha kubinya wala cha kunusa. Anatumaini tu. Anatumaini mwenye farmasi, na mwenye farmasi naye anatumaini depo ya Lubumbashi ao ya Kamina yenye ilimuuzishia.

Juu ya hiyo, inchi nyingi zilitafuta namna ya kufanya tumaini hilo likuwe na musingi. Farmasi inapimwa na watu wa inje ya farmasi, kwa kufuata kanuni zenye zimeandikwa. Ikifaulu, inapewa ushuhuda wa ubora, wenye mu Tanzania wanaita ithibati. Kisha muda fulani, inapimwa tena. Jambo lenye watu wengi hawajue ni hili: kupata ithibati si kazi nguvu sana kama kuilinda.

Dawa mbaya inaweza kufanya nini

Mu 2017, Shirika la Afya Ulimwenguni, lenye mu Kongo linajulikana kama OMS, lilisema kama mu inchi zenye mapato madogo na ya katikati, karibu dawa 1 kati ya 10 ni ya bandia ao haifikie kipimo. Dawa ya bandia ni ile yenye mutu alitengeneza ao aliandika kwa kudanganya. Dawa yenye haifikie kipimo inaweza kuwa ilitoka ku kiwanda cha kweli, lakini ilitengenezwa vibaya, ao iliharibika mu njia na mu depo.

Watu wa mashariki ya Kongo waliona jambo hilo kwa macho. Kati ya mwisho wa 2014 na katikati ya 2015, mu Ituri, mamia ya watu walifika ku hospitali na ku vituo vya afya na ugonjwa wenye haukueleweka. Shingo ilikuwa inakazana, uso unajikunja, ulimi unatoka inje. Mwanzoni, waganga walifikiri ni meninjiti. Kisha uchunguzi, ikaonekana kama wagonjwa wengi walikuwa wamekunywa vidonge vyenye viliuzishwa kama diazepamu, dawa ya kutuliza. Mu laboratware, ndani ya vidonge hivyo walikuta haloperidoli, dawa yenye nguvu ya ugonjwa wa akili. OMS ikatoa onyo kwa inchi zote mu mwaka wa 2015.

Kuko somo mbili mu jambo la Ituri. Ya kwanza: karatasi ya inje ya kopo ilisema jambo moja, na ndani kulikuwa jambo lingine. Mwenye kuuzisha hakuweza kujua kwa kusoma tu. Ya pili: ili kusimamisha hatari ya namna hiyo, lazima kujua haraka ni kopo gani, ni loti gani, ilinunuliwa wapi, ilipelekwa wapi. Farmasi yenye haiandike kitu haiwezi kujibu hata ulizo moja kati ya hayo manne.

Ruhusa si ithibati

Watu wengi wanachanganya mambo mawili. Ruhusa ya kufungua farmasi ni jambo moja. Ithibati ya ubora ni jambo lingine.

Mu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sheria ya kuuzisha dawa ni ya kitambo. Tangu 1933, wakati wa ukoloni, kulikuwa agizo juu ya kazi ya farmasi. Mu mwezi wa 12 mwaka wa 2018, inchi ilipata sheria mupya ya afya ya watu wote, sheria namba 18/035. Mu 2020, serikali iliunda ACOREP, mamlaka ya Kongo yenye kusimamia dawa, ili ichukue kazi yenye ilikuwa inafanywa na Direksio ya Farmasi na Dawa ya wizara ya afya. Ni mamlaka hiyo njo inaandikisha dawa zenye zinaruhusiwa kuuzishwa mu inchi. Mu majimbo, inspeksio ya afya inapita mu farmasi na mu depo. Mu Haut-Lomami, yenye ilikuwa jimbo tangu Katanga ilipogawanywa mu 2015, kazi hiyo inatoka Kamina. Kabondo-Dianda yenyewe ni zone ya afya, na ofisi ya zone iko na haki ya kujua nani anauzisha dawa mu eneo lake.

Ruhusa inasema: mutu huyu anaweza kufungua. Ithibati inasema: farmasi hii, siku ilipopimwa, ilikuwa inafanya kazi muzuri, na iko na mupango wa kuendelea hivyo. Sheria ni mulango. Ubora ni vile watu wanaishi ndani ya nyumba.

Lakini kuko tatizo yenye kila mutu wa hapa anajua. Sheria inataka farmasi isimamiwe na mufamasia mwenye diploma. Wafamasia wenye wanatoka mu Fakulte ya Lubumbashi hawakimbilie kuishi mu miji midogo ya njia ya reli. Kama inspekta anafunga kila nyumba ya dawa yenye haina mufamasia, kesho yake wagonjwa hawatatembea kilometre mingi kutafuta farmasi nzuri. Watanunua ku kartoni ya barabarani. Kama anaacha kila nyumba ifunguke vile inataka, ni barabara yenye imeingia mu nyumba. Kati ya mambo hayo mawili, kuko njia ya tatu, na kuko inchi jirani yenye iliijaribu.

Vile Tanzania ilifanya

Mu vijiji vya Tanzania, kulikuwa maduka madogo yenye yaliitwa duka la dawa baridi. Yaliruhusiwa kuuzisha dawa nyepesi tu, zenye haziombe karatasi ya munganga. Lakini uchunguzi wa mwaka wa 2001 ulionyesha vile mambo yalikuwa kwa kweli: mengi yaliuzisha antibiotike na dawa zingine zenye zilikatazwa, na wauzishaji wengi hawakuwa wamejifunza kazi.

Serikali ingeweza kufunga. Haikufunga. Kuanzia 2003, mu mukoa wa Ruvuma, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo (TFDA), pamoja na shirika moja la Marekani lenye linaitwa Management Sciences for Health, ilianzisha mupango wa duka la dawa muhimu. Mwenye duka alifundishwa namna ya kuongoza biashara na sheria zake. Muuzishaji alifundishwa kwa majuma kazaa: dawa, magonjwa ya kawaida, namna ya kusemezana na mugonjwa, na wakati gani wa kumutuma ku hospitali. Nyumba ilitengenezwa. Kisha duka likapimwa, na likifaulu likapewa ithibati. Kama zawadi, liliruhusiwa kuuzisha dawa fulani za karatasi ya munganga, kutia ndani antibiotike kazaa, kwa kufuata liste yenye ilikubaliwa. Na wakaguzi wa pale pale, wenye wanaishi karibu, walipewa kazi ya kupitapita.

Matokeo yalipimwa. Mu Ruvuma, dawa zenye hazikuandikishwa na serikali zilikuwa 26 kwa mia mu maduka mu 2001. Mu 2004, zilikuwa 2 kwa mia. Mupango ukaendelea mu mikoa mingine yote ya Tanzania bara, na Uganda nayo ikaujaribu mu wilaya ya Kibaale.

Kitu cha maana mu hadisi hiyo ni mupangilio wake. Kwanza kufundisha, kisha kutengeneza, kisha kupima, na mwisho kuruhusu zaidi. Muuzishaji aliona faida yake mwenyewe ndani ya kanuni. Kanuni yenye haina faida kwa mwenye kuifuata inadumu mpaka inspekta anapanda motere na kurudia.

Kujitayarisha: mambo matano

Hata mahali kwenye mupango kama ule wa Tanzania haujafika, kanuni zenyewe zinajulikana. Mu 2011, OMS na shirikisho la wafamasia wa dunia yote (FIP) walitoa kanuni za kazi muzuri ya farmasi. Mwenye farmasi ya Kabondo-Dianda anaweza kuanza leo, bila kungojea mutu wa Kinshasa. Kazi inagawanyika mu mambo matano.

La kwanza ni nyumba. Dawa nyingi zinaandikwa zichungwe chini ya nyuzi 30 za joto, na zingine chini ya 25. Mu Haut-Lomami, miezi ya 9 na ya 10, mbele ya mvua kuanza, chumba chenye mabati bila plafo kinapita kipimo hicho kila saa nane. Kutia plafo, hata ya mbao nyepesi, kuacha nafasi ya upepo kati ya plafo na mabati, na kufunga dirisha lenye jua la mangaribi linaingilia, ni kazi ya feza kidogo kuliko kununua dawa mara mbili. Kartoni hazikae chini: zinawekwa juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, kwa sababu mu miezi ya mvua sima na udongo zinavuta maji. Panya na mende hawana kazi mu farmasi. Na termometre ya ukutani ni lazima. Bila termometre, mutu anasema tu "leo kuko joto," na hakuna mwenye anaweza kusema ni joto gani.

Dawa zenye zinaomba frigo ni jambo la peke yake. Insulini na oksitosini, dawa yenye inasimamisha damu ya mama kisha kuzaa, zinapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Oksitosini yenye ilikaa mu joto inaonekana maji tu, kama ile ya muzuri, lakini nguvu yake imepungua. Mama anatoka damu, muuguzi anadunga sindano, na damu haisimame. Farmasi yenye haina umeme wa kudumu ao panneau solaire yenye nguvu inafanya muzuri isiuzishe dawa hizo hata kidogo, na imutume mutu ku hospitali. Kusema "hii hatuna" nako ni ubora.

La pili ni mahali dawa inatokea. Dawa nyingi za Kabondo-Dianda zinatoka Lubumbashi, kwa treni ya SNCC ao kwa lori. Kila kartoni inapaswa kuwa na fakture yenye jina la muuzishaji, jina la dawa, namba ya loti na tarehe ya kuperime. Mu mupango wa taifa wa dawa za lazima, kuko santrali za kununua na kugawanya, kama CAMELU kule Lubumbashi na ASRAMES kule Goma, zenye kazi yake ni kuleta dawa zenye zilipimwa kwa vituo vya afya. Mwenye farmasi ya biashara anaweza kuwa na depo yake yenye anaizoea, lakini ulizo ni lile lile: depo hiyo iko na ruhusa? Inatoa fakture ya kweli? Bei yenye iko chini sana kuliko ya depo zote, bila fakture, si bahati. Ni onyo. Na kartoni ikifika, inafunguliwa mbele ya mutu mwenye anaandika: hesabu, loti, tarehe, hali ya plakete. Yenye inatiliwa mashaka inawekwa kando, mu sanduku lenye limeandikwa "usiuzishe."

La tatu ni kuandika. Hapa njo farmasi nyingi zinaanguka. Fishi moja kwa kila dawa: ngapi iliingia, ngapi ilitoka, ngapi ilibakia. Kaye ya joto: asubui na saa nane. Kaye ya dawa zenye kulevya na za kutuliza, zenye zinakaa mu kabati yenye ufunguo, na ufunguo uko na mutu mumoja mwenye anajulikana. Kaye ya dawa zenye ziliperime. Kaye ya malalamiko na makosa. Hakuna ordinatere yenye inahitajiwa. Kaye za masomo za kurasa 100 na rula zinatosha. Kanuni ya wapimaji wote wa dunia ni moja: chenye hakikuandikwa, hakikufanywa.

La ine ni mutu mwenye anasimama ku kontware. Anapaswa kujua kusoma fakture, lakini zaidi anapaswa kujua kuuliza. Mutoto iko na kilo ngapi? Homa ilianza siku gani? Alipimwa malaria? Alikunywa dawa gani mbele? Mama iko na mimba? Muuzishaji mwenye hajafundishwa anauliza ulizo moja tu: "Uko na ngapi?" Halafu anakata plakete kufuatana na feza. Hiyo njo kosa yenye inaleta hasara kubwa mu farmasi ndogo.

Mufano ni dawa ya malaria ya artemeta-lumefantrini. Ni vipimo 6 mu siku 3: cha kwanza, cha pili kisha saa 8, na kisha asubui na mangaribi mu siku mbili zenye zinafuata. Mutoto wa kilo 5 mpaka 14 anakunywa kidonge 1 kila mara. Wa kilo 15 mpaka 24, vidonge 2. Mutu mwenye anafika kilo 35 ao kupita, vidonge 4. Inakunywewa na chakula ao na maziwa, kwa sababu mafuta yanasaidia mwili kuikamata. Mwenye anauzishiwa nusu ya dozi anaondoka na feza zake zingine mu mufuko, homa inashuka siku ya pili, na siku ya saba inarudi. Hapo anasema dawa ni mbaya. Dawa ilikuwa muzuri. Kuuzisha njo kulikuwa kubaya.

La tano ni mugonjwa mwenyewe. Anaondoka akijua mambo gani? Jina la dawa, ngapi, mara ngapi, siku ngapi, na nini kikitokea arudie ao akimbilie hospitali. Mu Kabondo-Dianda, wengine watasikia muzuri zaidi mu Kiluba kuliko mu Kiswahili ao Kifaransa. Kwa mwenye hasome, vichora vidogo vya jua na mwezi ku bahasha vinaeleza asubui na usiku. Kisha kuna njia moja yenye haidanganye: kumuomba arudilie maneno. "Mama, sasa niambie, utamupa namna gani?" Kama anakosea, anaelezwa tena, bila kumucheka.

Ulizo la dawa yenye iliperime

Hakuna kitu chenye kinajaribu mwenye farmasi kama kartoni yenye inaperime mwezi ujao. Ni mutaji wake. Pengine ni feza ya mukopo. Wengine wanapunguza bei, wengine wanakata tarehe ku plakete, wengine wanapelekea mutu wa barabara. Mupimaji wa ubora, akiingia, mara nyingi anaangalia jambo hilo mbele ya yote, kwa sababu linaonyesha moyo wa nyumba.

Dawa ya njia ya kweli inaanza mbali, mbele ya hasara. Kila mwezi, mwenye farmasi anapita ku etajeri zote na kuangalia tarehe. Yenye iko na miezi 6 ao chini inatiwa alama ya rangi na kuwekwa mbele. Kanuni ni fupi: yenye itaperime kwanza, njo itoke kwanza, hata kama ilifika nyuma. Yenye iko na miezi 3 na ingali mingi, anaongea na kituo cha afya ao farmasi ingine yenye inaitumia haraka, yenye inaweza kuichukua kwa haki na fakture. Na anajifunza: kama amoksisilini ya siro iliperime mara mbili, anaomba kidogo. Siro hiyo, ikishachanganywa na maji, inadumu siku kazaa tu, mara nyingi 7. Basi nyumba nyingi zinachagua vidonge vya watoto vyenye vinayeyuka mu maji: havisumbue sana mu njia, na haviombe frigo.

Yenye iliperime kabisa inatolewa ku etajeri siku ile ile, inaandikwa mu kaye, inafungwa, na inangojea kuharibishwa pamoja na watu wa afya wa zone. Haitupwe ku mutupo wa taka, kwenye watoto wanaokota, wala mu muto, kwenye watu wanavuta maji na kuvua samaki. Na haichomwe mu uwanja ya nyumba, kwa sababu moshi yake ni sumu na vidonge vingi havimalizike ku moto mudogo.

Kulinda: kalandari ya mwaka

Farmasi yenye ilipewa ithibati inaweza kuanguka ku kupimwa kwa pili. Mara nyingi sababu si ujeuri. Mutu mwenye alifundishwa anahama, kaye inaisha na hakuna mwenye ananunua ingine, termometre inavunjika. Ubora unakufa polepole, kama betri ya tochi.

Juu ya hiyo, kazi ya kulinda inagawanywa mu nyakati. Kila siku: joto mara mbili, kufagia, kupanguza kontware, kuandika chenye kilitoka. Kila juma: kuhesabu dawa 5 zenye kuchaguliwa bila mupango na kulinganisha na fishi. Kama fishi inasema plakete 40 na ku etajeri kuko 33, kuko ulizo. Pengine ni kuandika kubaya, pengine ni wizi, pengine mutu aliuzisha bila kuuliza. Kila mwezi: tarehe za kuperime, na mukutano wa dakika 30 wa wafanyakazi wote kuhusu makosa yenye yaliandikwa. Kila miezi 6: kujipima wenyewe, na kanuni mu mukono, kana kwamba inspekta iko ku mulango. Kila mwaka: kufundisha tena, hata wale wenye walifundishwa.

Kaye ya makosa inaomba akili ya peke yake. Kama mufanyakazi anakatwa mushahara kila wakati anaandika kosa, hataandika tena, na kosa litaendelea mu giza. Nyumba zenye zinafaulu zinaachanisha mambo mawili. Mwenye kuiba ao kudanganya anaazibiwa. Mwenye kukosea na kusema anasaidiwa, na watu wanauliza ni nini kilimukosesha. Pengine ni vikopo viwili vyenye kufanana vilikuwa kando kando. Vinatenganishwa, na kosa linaisha bila kufukuza mutu.

Kisha kuko mazoezi ya kurudisha dawa. Mara moja kwa mwaka, mwenye farmasi anajiuliza: kama leo onyo linafika kama loti fulani ni ya hatari, itaomba dakika ngapi kujua kama iko hapa, na kuitoa? Ile ya Ituri ilionyesha kama ulizo hilo si la vitabu.

Nani atalipa?

Kuko wenye watasema: hayo yote yataongeza bei, na masikini njo atalipa. Kwa sehemu ni kweli. Plafo, termometre, kaye na saa za mufundisho ziko na bei. Lakini hesabu iko na upande mwingine. Mwenye kuhesabu dawa zake hapoteze feza ku dawa zenye ziliperime. Mwenye fishi anaona wizi mapema. Na mugonjwa mwenye anapata dozi yote anapona mara moja, kuliko kununua dawa ya bei ya chini mara tatu na kumalizia ku hospitali, na mutoto mwenye damu imeisha.

Hatari ya pili ni kwamba ithibati igeuke kuwa karatasi ya kununua. Kama mupimaji anakula feza ku mulango na kusaini bila kuingia, karatasi hiyo inafanya mabaya zaidi kuliko kukosa karatasi, kwa sababu inadanganya mugonjwa kwa muhuri. Ulinzi wa kwanza ni wapimaji wawili, wenye hawana biashara ya dawa, na matokeo yenye yanatundikwa mahali watu wote wanaona. Ulinzi wa pili ni wakaaji wenyewe.

Mukaaji anaweza kuuliza nini

Mutu hana lazima ya kuwa munganga ili apime farmasi. Akifika, anaweza kuangalia na kuuliza mambo haya, kwa heshima.

Dawa ziko mu kivuli, ku etajeri, ao ziko ku jua mbele ya mulango?

Termometre iko ukutani, na kuko kaye yenye iliandikwa leo?

Muuzishaji aliuliza mugonjwa ni nani, iko na miaka ao kilo ngapi, mbele ya kutaja bei?

Plakete iko na jina, namba ya loti na tarehe ya kuperime yenye inasomeka? Kama ilikatwa na tarehe imebakia upande mwingine, mununuzi iko na haki ya kuomba aonyeshwe.

Muuzishaji anaweza kutoa fakture ndogo ao karatasi yenye mwandiko wa mukono?

Na ulizo la mwisho, lenye linapita yote: wakati mugonjwa aliomba dawa yenye haimufae, farmasi ilimuuzishia, ao ilimuambia aende kupimwa kwanza? Nyumba ya dawa yenye inajua kukatala feza siku moja kwa juma ni nyumba yenye mutu anaweza kutuma mutoto wake usiku.